"Mama atarudi lini?" Mwenye ulemavu wa akili haelewi kifo, au ni sisi tunaomwambia vibaya?

#1 Chaki Nyeupe

Wakuu, salaam. Naleta hoja, mnipige mawe taratibu.

Msibani kuna sentensi husemwa kwa kunong'ona mtu mwenye ulemavu wa akili akipita na sahani yake: "Huyo hajui kitu, afadhali yake." Mimi nasema anajua kuliko tunavyodhani, na pale asipojua, mara nyingi ulimi wetu ndio uliomponza. Hesabuni atakayokuwa amesikia kufikia saa nne asubuhi: mama amelala, mama ametutoka, tumempoteza mama, mama amesafiri, mama ametangulia. Mtu anayelichukua neno kama lilivyo afanyeje? Aliyelala huamshwa. Aliyepotea hutafutwa. Aliyesafiri hurudi na mkate. Aliyetangulia hufuatwa, na ndiyo maana wengine hukutwa barabarani usiku wa kwanza.

Wataalamu huugawa uelewa wa kifo katika vipande: (1) hakuna kurudi, (2) mwili umeacha kazi zote, hausikii, hauumwi, hauhisi baridi, (3) kila aliye hai atakufa, na mimi nimo, (4) kifo kina sababu ya mwilini, hakiletwi na utundu wa mtu wala hasira yake. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza akakosa cha pili: anakubali mama harudi, lakini mvua ikinyesha anachukua blanketi alipeleke kaburini.

Kwa mnaofanya nao kazi: kipande kipi ni kigumu zaidi, na kwa nini?

#2 Jembe la Makambako

Nimeweka kigoda na kahawa. Ila mkuu, hawa wagonjwa wa akili si wako wa aina nyingi? Wengine wakitumia dawa wanakuwa sawa kabisa.

#3 Tabibu wa Zamu

#2 umechanganya, na nusu ya nchi inachanganya. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote wakati wowote, na wengi hupata nafuu kwa dawa. Ulemavu wa akili ni mambo matatu kwa pamoja: uwezo wa kufikiri na kujifunza ulio chini sana (kipimo cha akili chini ya 70 hivi), ugumu katika maisha ya kila siku kama fedha, usafi na mawasiliano, na yote hayo yawe yameanza kabla ya utu uzima. Kwa mgawanyo wa ICD-10 (orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi), 50–69 ni kiwango kidogo, 35–49 wastani, 20–34 mkubwa, chini ya 20 mkubwa mno. Walio wengi wako kundi la kwanza: wanaongea, wanatumwa dukani.

Kwa swali la #1: vigumu ni cha tatu na cha nne. Harudi ni kitu unachokiona kila siku, kitanda kiko kitupu. Lakini "kila mtu atakufa" hakuna mahali pa kukionea. Na "sababu" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu bila sababu ya mwilini mtu huchukua iliyo karibu: jana nilikataa kuoga, mama akakasirika, leo amekufa. Hapo kinachokwama ni uwezo wa kufikiri jambo lisiloshikika. Tusizunguke.

#4 Mjukuu wa Kiambu

Daktari, hapo unarahisisha. Watoto wa kawaida huvipata vipande vikuu kati ya miaka 5 na 7, hilo limeandikwa tangu mapitio ya tafiti ya Speece na Brent mwaka 1984. Basi watu wanachukua kipimo, wanasema "huyu ana akili ya mtoto wa miaka minne", wanamaliza. Lakini mtoto wa miaka minne ana miaka minne ya kuishi. Huyu ana 45. Ameona babu akizikwa, jirani akizikwa, mbwa wa nyumbani akigongwa na gari. Umri wa akili haufuti miaka ya macho.

Weka watu wawili wenye kipimo kilekile, mmoja amekuwa akipelekwa mazishini tangu utotoni, mwingine kila msiba anapelekwa kwa shangazi wa mbali "asisumbuke". Waulize maswali yaleyale. Utapata majibu mawili tofauti. Ni uzoefu.

#5 Bi Kikoi

Nami naongeza la tatu: ruhusa. Mtu akilia anaambiwa nyamaza, utamliza dada yako. Akicheka anatolewa nje. Akiuliza anapewa soda. Baada ya siku tatu amejifunza kwamba neno mama limepigwa marufuku, basi halitaji. Watu wanasema, mwaona, ameshasahau.

Kile kicheko nacho tusikisome vibaya. Mara nyingi ni hofu, au anaiga uso aliouona. Ukimuuliza kwa nini unacheka anaona amekosea, anacheka zaidi.

#6 Kidagaa

Kuna utafiti wa Marekani uliofanywa kwa watoto wenye ulemavu wa akili, uligundua kwamba hawaathiriki na kifo cha mzazi. Niliusoma zamani kidogo. Na tuseme ukweli, msibani wao ndio wanaofurahia pilau kuliko wote.

#7 Tabibu wa Zamu

#6 umeupindua wote, mkuu. Ni Uingereza, ni watu wazima, na matokeo ni kinyume. Sheila Hollins na Alexandra Esterhuyzen, 1997: waliwachukua watu 50 waliofiwa na mzazi, wakawalinganisha na 50 wasiofiwa. Waliofiwa walikuwa na dalili zaidi za msongo, huzuni na tabia zilizobadilika. Na cha kushangaza, waliokuwa wakiwahudumia kwa kawaida hawakuzihusisha dalili hizo na kufiwa. Walidhani ni ulemavu wenyewe umezidi.

Ndiyo ugonjwa wetu hata huku. Akigoma kula: ulemavu. Akipiga mtu: ulemavu, au mapepo.

#8 Bi Kikoi

Na hilo la pilau, Kidagaa, wewe ulikula sahani ngapi msiba wa mwisho? Kuna aliyesema huelewi kifo?

#9 Kidagaa

Hahaha, mbili. Nimekoma.

#10 Mkalimani

Turudi kwenye lugha, maana #1 kagusa kisha akapita. Neno ni "amekufa". Najua masikio yetu yanasema kufa ni kwa kuku, binadamu hufariki. Lakini "kufariki" asili yake ni Kiarabu, maana yake kutengana. Yaani nalo lilianza kama tafsida, limechakaa tu.

Ila "kufa" lina mtego wake, na huu sioni watu wakiutaja. Gari limekufa, fundi kaja, linawaka. Simu imekufa, unaichomeka, inaamka. Nimekufa na njaa, napewa ugali. Huyu mtu maisha yake yote amesikia vitu vikifa na kupona. Kwa hiyo "amekufa" peke yake halitoshi, lifuatwe papo hapo na mwili: "Mama amekufa. Moyo wake umesimama. Hapumui. Hasikii. Haumwi. Hatarudi." Sentensi sita, hakuna yenye maneno zaidi ya manne. Unasema, unanyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda, tunajaza ukimya kwa "lakini yuko mahali pazuri".

#11 Bi Kikoi

Mkalimani, mbele ya wazee wa huku kwetu Pwani ukisema mama "amekufa" utaambiwa hukufunzwa adabu. Mwambie "amefariki", kisha mpe hayo ya moyo na pumzi. Kinachofundisha ni moyo na pumzi, si kitenzi cha mwanzo.

#12 Mkalimani

Dada, tatizo ni kwamba msemaji wa pili atasema "ametutoka" na wa tatu "amepumzika". Ukichagua "amefariki", sawa, lakini nyumba nzima ichague hilohilo. Maneno matatu kwa jambo moja, yeye anahesabu mambo matatu.

#13 Ustadhi Mkavu

Assalaam alaykum. Msitupe dini nje na maji ya josho. Mnaposema "yuko peponi" ni kuficha, mnakosea: ni itikadi. Shida ni mpangilio. Mwili kwanza, roho baadaye, tena siku nyingine. Ukianza na peponi atakuuliza nauli ni kiasi gani.

Ndugu zetu Wakristo nao wana mtihani wao: mtu amesikia kila Pasaka kwamba Yesu alizikwa, siku ya tatu akafufuka. Mama akizikwa Jumamosi, Jumatatu yuko mlangoni anasubiri. Ni hesabu sahihi kabisa kwa alichofundishwa! Aambiwe mapema: "Mama hatafufuka Jumatatu."

Na kwa upande wetu kuna kosa moja. Watu husema hana taklifu (wajibu wa kidini), hahesabiwi swala, basi asisumbuliwe na msiba. Kutokuhesabiwa ibada ni jambo moja, kufiwa ni jambo jingine. Aliyefiwa na mamake amefiwa na mamake.

#14 Chaki Nyeupe

Ustadhi umenena. Basi nani atupe hatua? Tuseme kifo kimetokea saa kumi usiku hospitalini, mtu yuko nyumbani amelala, hajui.

#15 Afisa wa Ustawi

Hatua, kwa ufupi iwezekanavyo, ingawa kila nyumba itapindisha.

Aambiwe kabla maturubai hayajafungwa. Viti vya kukodi vikishashushwa, ameshajua kuna jambo na hajui ni nini, hofu inatangulia. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, mahali alipozoea kukaa. Si chumba cha wageni, na si mbele ya wanawake kumi wanaolia. Redio izimwe. Tumieni sentensi za Mkalimani. Dakika tano zinatosha. Kisha mwache, baada ya saa moja mwulize: "Mama amefanya nini?" Usimwulize "umeelewa?", kwa sababu wengi wamefundwa kujibu ndiyo kwa kila kitu.

Ateuliwe "mtu wake". Kazi yake msiba mzima ni huyo tu. Habebi maji, hapokei wageni, hashiki daftari la michango. Huyu ndiye hukosekana mara nyingi: anateuliwa, halafu saa sita anatumwa kununua mkaa.

Kadi nne, ukubwa wa nusu ya A4, picha moja kila kadi: mama akiwa mgonjwa, jeneza, kaburi, na anayepika sasa. Ya nne ndiyo ataiangalia zaidi. Kwa mtu mwenye utegemezi, swali la "nani atanipa chai" haliko mbali na swali la "mama yuko wapi", na si ubinafsi.

Kuuaga mwili: mpe nafasi, usimlazimishe wala usimzuie. Kabla hajaingia mweleze atakachokutana nacho: ni wa baridi, hatasogea, ana pamba puani. Asipoambiwa pamba, atataka kuitoa mama apumue. Kaburini asimame karibu lakini si ukingoni, na njia ya kutokea iwe wazi. Udongo wa kwanza ukigonga jeneza, ule mlio ndio wengine huutambua kama kumpiga mama. Aambiwe hapohapo: "Haumwi." Akitaka atupe konzi yake ya udongo.

#16 Tabibu wa Zamu

Namwongezea Afisa kimoja ambacho kinaua. Si wachache katika kundi hili wenye kifafa pia. Aliyekuwa akimpa dawa ni mama, na mama ndiye amekufa. Nyumba imejaa watu, kila mmoja anadhani mwenzake amempa. Fenobabitoni, dawa ya kifafa, ikikatishwa ghafla degedege hurudi, na linaweza kuwa lile lisilokoma. Ongeza usiku mbili za matanga bila usingizi. Kukosa usingizi kwenyewe huchokoza kifafa. Kwa hiyo saa ya kwanza, kabla ya kadi na picha: tafuteni dawa iko wapi, ni kiasi gani, saa ngapi, nani anatoa. Bandikeni ukutani. Na alale chumba cha mbali na spika.

Akibadilika baadaye, msikimbilie kusema ni huzuni. Kwanza meno, masikio, malaria, choo kigumu, mkojo. Asiyeweza kusema "jino linauma" atapiga kichwa ukutani vilevile kama mwenye msiba.

#17 Jembe la Makambako

Huku kijijini tuna njia rahisi: onyesha kuku. Anachinjwa, haruki tena, haoni, halii. Mtu ameliona hilo mara mia. Kisha sema, "mama naye hivyo".

#18 Mkalimani

Hapana, hapana. Atauliza nani kamchinja.

#19 Mjukuu wa Kiambu

Mkalimani yuko sawa kwa upande mmoja. Kuku anafundisha kwamba mwili unaacha kazi, lakini anabeba kisu, na baada ya kisu anabeba sufuria. Ukitumia mnyama, tumia aliyejifia: kifaranga aliyekutwa asubuhi. Mwache amguse, ni wa baridi, miguu imekakamaa. Mzikeni. Kesho yake nendeni mkaangalie: bado yuko palepale. Hiyo ziara ya pili ndiyo somo la kutorudi. Ya kwanza haifundishi kitu, maana kila kitu kilichofunikwa kinaweza kufunuliwa.

Na ifanyike kabla ya msiba, mwaka ambao hakuna anayeumwa. Siku ya msiba si siku ya darasa.

#20 Chaki Nyeupe

#19 hilo la "kabla" lingewekwa kwenye ratiba ya vitengo vya elimu maalumu. Tunafundisha kufunga vifungo na kuhesabu chenji. Kifo hakimo.

Swali la pembeni: akiuliza "mama yuko wapi" mara thelathini kwa siku, nijibu mara thelathini?

#21 Tabibu wa Zamu

Inategemea ni swali lipi, maana ni maswali manne yenye maneno yaleyale. Kuna asiyeelewa: huyu ukimjibu anaonekana kushangaa, na anaendelea kumwekea mama sahani. Kuna anayehakiki: anauliza watu tofauti aone kama mtasema kitu kimoja, mkilingana, baada ya wiki chache hupungua. Kuna anayetaka tu kumzungumzia mama na hana njia nyingine ya kufungua mazungumzo, huyu mwulize "mama alikuwa anapika nini?" uone uso wake.

Wa nne ni aliyesahau. Hasa mwenye sindromu ya Down aliyevuka miaka 40 au 50, kwa sababu kwao ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu huja mapema. Zamani hawakufika umri huo. Mwanzoni mwa karne iliyopita matarajio ya kuishi yalikuwa chini ya miaka 12, leo katika nchi zenye huduma nzuri ni karibu 60. Ndiyo maana hili la kuwazika wazazi wao ni jipya kiasi. Huyu wa nne ukimwambia kila siku "mama amekufa", kila siku anafiwa upya. Baada ya kuwa na hakika ni kumbukumbu, mjibu hisia: "Unamkumbuka mama. Njoo tuangalie picha."

#22 Mkalimani

Hapo daktari umeruhusu kuficha kwa mlango wa nyuma.

#23 Tabibu wa Zamu

Sijasema adanganywe. Akiniuliza moja kwa moja "amekufa?", nasema ndiyo.

#24 Bi Kikoi

Sasa baada ya arobaini. Msiba una watu wengi, chakula kingi, watoto wa mjini wamerudi, hakuna anayemtuma kazi. Kwake zinaweza kuwa siku nzuri. Watu wakishaondoka na viti vikarudishwa, ndipo kifo kinapoanza. Kwa hiyo akibadilika miezi mitano au sita baada ya mazishi, watu hawaunganishi tena. Na vipimo vya hospitali navyo: ICD-11 inahesabu huzuni iliyopitiliza kuanzia miezi 6, Wamarekani miezi 12 kwa mtu mzima. Ukihesabu tangu mazishi wakati yeye ameanza juzi, umemwita mgonjwa bure.

Kisha kuna kugawa nguo. Mama mdogo anachukua gauni la marehemu, Jumapili analivaa. Kijana anamwona kwa mgongo uani. Mnashangaa kwa nini amemkumbatia halafu akamsukuma. Kabla ya kugawa, achague yeye kwanza: kanga moja, kikombe, ushungi. Kanga isifuliwe, harufu ikishaoshwa imekuwa kitambaa tu. Na zinazobaki ziende kwa ndugu wa mbali, si wa uani.

#25 Kidagaa

Na simu jamani. Laini ya marehemu mtoto mkubwa anaendelea kuitumia kwa sababu ya pesa zilizomo na vikundi. Anapiga simu na inaonyesha picha ya mama.

#26 Afisa wa Ustawi

#25 leo umetuokoa. Hilo ni kubwa. Kama laini lazima iendelee kutumika, badilisheni jina na picha kwenye simu zote za nyumbani siku ileile ya mazishi.

#27 Mjukuu wa Kiambu

Kwetu mtoto akizaliwa huitwa jina la babu au nyanya. Mjukuu anazaliwa miezi mitatu baada ya mazishi, watu wanashangilia: "Cucu (nyanya) amerudi!" Wote wanajua ni msemo, isipokuwa mmoja aliyeketi pembeni ambaye mmetumia miezi mitatu kumfundisha kwamba harudi. Vivyo hivyo baba mdogo anayesema "sasa mimi ndiye baba yako". Aseme: "Mimi ni baba mdogo. Nitakupa chai. Nitakunyoa."

#28 Jembe la Makambako

Na wasioongea kabisa? Hao hizo sentensi sita zinawafaa nini?

#29 Afisa wa Ustawi

Waambiwe hivyohivyo, sauti ina ujumbe hata maneno yasiposhikwa. Lakini kwao kifo hukaa kwenye mikono: aliyekuwa akimwogesha ana mikono mingine. Kwa hiyo wiki za mwanzo shikilieni vitu vidogo. Saa ileile ya kuoga, sabuni ileile, kikombe kilekile, wimbo uleule kama mama alikuwa akiimba. Asihamishwe nyumba kama kuna namna yoyote. Wengi huhamishwa wiki ya mazishi, na hapo huwezi kujua tena anamlilia mama au anakililia kitanda.

#30 Tabibu wa Zamu

Kwa hiyo tumefika wapi? Chaki anasema lugha, Mjukuu uzoefu, Bi Kikoi ruhusa, Afisa ratiba. Mimi bado nasema uwezo wa kufikiri una dari yake, na wapo ambao hata mkifanya yote haya, kipande cha tatu, kwamba kila mtu atakufa na yeye yumo, hakitaingia.

#31 Bi Kikoi

Na wapo maprofesa ambao hakijawaingia hicho cha tatu, wanajenga nyumba ya tano.

#32 Chaki Nyeupe

Shukrani wakuu. Naanza kuandaa zile kadi. Picha ya kaburi nikiitoa mtandaoni kuna shida?

#33 Afisa wa Ustawi

Ipo. La mtandaoni lina nyasi za kijani na jiwe jeupe. Lenu litakuwa na udongo mwekundu uliovimba, msalaba wa mbao na shada la plastiki. Atalinganisha, atakwambia siyo hili. Kapige picha makaburi ya kwenu, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.